Likizo ya baiskeli Italia na mke wangu: Toscana au kando ya mto Adige?

Yakhe_wa_Isar

Wadau salaam. Naomba msaada hasa wa wale mlioko Italia au mliowahi kuzunguka kule na baiskeli. Mimi na mke wangu tunaishi München, mimi asili Mombasa yeye Unguja, mwezi wa tisa tuna likizo kama wiki mbili hivi tukasema safari hii hatukai hotelini tukitazamana, tunachukua baiskeli tunaingia Italia, leo tunalala mji huu kesho mji ule, pole pole.

Sasa tatizo. Mimi kichwani nina Toscana, mkoa ule wa vilima katikati ya Italia, zile picha kila mtu anazijua, barabara inajikunja juu ya kilima na ile miti mirefu myembamba imepanga foleni hadi kwenye nyumba ya shamba. Mke wangu anaendesha baiskeli kila siku kwenda kazini lakini ni kando ya mto Isar, tambarare tupu, na ameshaniambia wazi kwamba yeye milima hapandi na nikimpeleka mahali akashuka kusukuma zaidi ya mara mbili baiskeli ataiacha hapo hapo atafute stesheni arudi zake. Na namjua, atarudi kweli.

Kwa hiyo nauliza, Toscana inawezekana kwa mtu kama yeye? Nimkodie ya umeme mimi nibaki na ya kawaida? Jamaa mmoja kazini anasema tuchukue ile ya watu wawili, tandemu, wote mwendo mmoja hakuna ugomvi. Halafu chakula, sisi Waislamu, nguruwe hatuli pombe hatunywi, na nasikia kule nguruwe yumo kila mahali mpaka kwenye mkate. Pia yeye anavaa ushungi na nguo ndefu, baiskeli yake ya hapa ina kifuniko cha cheni ila za kukodi sijui zikoje. Bajeti ya kawaida si ya kitajiri. Natanguliza shukrani.

Mtazamaji_Tu

Tandemu na mke?? Mkuu hiyo si likizo hiyo ni kesi. Nimevuta kiti nasoma majibu.

Spoki36

Mkuu Yakhe tandemu sahau, na si kwa utani wa huyo hapo juu. Ni kwa sababu ya treni. Uzuri wote wa kuendesha baiskeli Italia ni kwamba ukichoka, mvua ikinyesha, au mmoja akinuna, unapanda treni ya mkoa na baiskeli yako unasogea mji wa mbele. Sehemu ya baiskeli kwenye zile treni imepimwa kwa baiskeli ya kawaida, ndoano au kona ya behewa, sasa wewe uje na mtambo wa mita mbili na nusu uone kondakta atakavyokutazama.

Toscana sasa. Watu wanaangalia ramani wanaona kilomita arobaini wanasema aah hiyo asubuhi tu nimemaliza. Kilomita si shida, shida ni mahali miji ilipokaa. Kusini mwa Siena miji karibu yote imekaa juu ya kilima, zamani walijenga juu kwa ajili ya ulinzi na pia mabonde mengine yalikuwa kinamasi chenye malaria, Montepulciano uko mita 600 hivi, Montalcino 560 na ushee, Pienza karibu 490, na kati ya mji na mji barabara inashuka bondeni halafu inapanda tena. Maana yake chakula cha mchana kiko juu, kitanda kiko juu, hata duka la maji liko juu, yaani kila siku inaisha kwa kupanda na umeshachoka na mzigo uko kwenye keria. Kwa masharti ya shemeji hapo jioni ya kwanza tu unabaki peke yako na ile miti yako.

Kaskazini mambo yamegeuka, kule miji imefuata mito. Mto Adige unaanzia karibu na Passo Resia mpakani na Austria, mita kama 1,500, unateremka hadi Merano ambao uko mita 325, halafu Bolzano, Trento, Rovereto, Verona. Njia ya baiskeli inaufuata karibu muda wote, sehemu kubwa ni lami safi na magari hayaingii, kulia mto kushoto mashamba ya matufaha na zabibu. Ni njia ile ile waliyopita Warumi na barabara yao ya Via Claudia Augusta kuvuka Alpi, na wao hawakuwa wajinga, walipita pasipo na mlima.

Nyie mko München mnabahatika. Treni za EuroCity za kwenda Verona zinapita Brenner zinasimama Bolzano na zinabeba baiskeli ila lazima mbuku nafasi ya baiskeli mapema, mwezi wa tisa zinajaa. Bolzano mnabadilisha kwenda Merano, Merano mnapanda katreni ka bondeni hadi Malles. Hako katreni msimu wa watalii nafasi za baiskeli ni za kubanana, ndiyo maana wengi hukodi huko huko juu wakarudisha chini, maduka yako karibu na stesheni. Malles kuja Merano ni kilomita 60 hivi na sehemu kubwa mnateremka tu. Kagueni breki kabla, manake karibu na Merano pale Töll njia inashuka kwa kona kali za kujikunja na watu wanatoka huko mikono inauma.

Mkitaka mwanzo kabisa kuna ziwa Resia lenye mnara wa kanisa umetokeza katikati ya maji, kijiji cha Curon kilizamishwa mwaka 1950 walipotengeneza bwawa la umeme ukabaki mnara peke yake. Ila kutoka Malles kwenda pale ni kupanda mita kama 450, nendeni na basi.

Kipanga_Ngong

Jameni mnamkatisha tamaa bure. Italia bila Toscana mmeenda wapi sasa, si ni afadhali wabaki Ujerumani tu kwani hiyo Bolzano si wanaongea Kijerumani pia, hata mabango yao. Mimi nimezunguka huko Toscana, Chianti mpaka Val d'Orcia, na narudi tena nikipata pesa. Kuna zile barabara zao nyeupe za changarawe, strade bianche, vumbi linakupaka mwili mzima, gari likipita linakupita pole pole na asubuhi ukungu uko chini ya miguu yako halafu vilima vinatokeza kimoja kimoja. Gaiole in Chianti ndiko wanakofanya tamasha la baiskeli za zamani la L'Eroica tangu 1997, watu wanakuja na baiskeli za chuma za kabla ya 1987 na jezi za sufu, na njia yenyewe imewekewa vibao vya kudumu kwa hivyo unaifuata siku yoyote bila kungoja tamasha.

Ya umeme inamaliza hiyo stori ya milima. Kwa sheria za Ulaya mota inakusaidia mpaka kilomita 25 kwa saa halafu inakuachia, lakini kwa mlima nani anafika 25? Bibi atapanda Montalcino akiwa anapiga picha. Shida itakuwa wewe Yakhe, wewe na ya kawaida, utakuta amekungojea juu amekunywa kahawa amemaliza na anakuuliza mbona unahema hivyo.

Na kama kweli hamtaki milima kabisa basi kaeni Lucca. Ni Toscana pia, iko tambarare, ukuta wa mji umezunguka kilomita nne na kidogo na juu yake ni barabara pana yenye miti, watu wanaendesha baiskeli juu ya ukuta jioni nzima, wazee watoto wote. Pisa iko kama kilomita ishirini.

Nje ya mada kidogo lakini wacha niseme, hao Waitaliano wanajua mtu wetu pia. Froome aliyezaliwa Nairobi ndiye alishinda Giro d'Italia 2018, yale mashindano yao makubwa ya baiskeli, alitoroka peke yake kwa ile changarawe ya mlima wa Colle delle Finestre ikiwa imebaki kilomita 80 hivi. Mzee mmoja wa hoteli aliposikia natoka Kenya alinisimulia hiyo siku yote, na mimi niliiangalia kwa TV.

Dada_wa_Verona

Assalaam aleikum Yakhe, na salamu kwa wifi. Mimi niko Verona miaka mingi sasa na hiyo njia ya Adige mpaka Mantova tumeifanya vipande vipande na mume wangu, kwa hiyo naunga mkono Spoki ila kuna mambo wanaume hawayasemi.

La kwanza upepo. Bonde la Adige kuanzia Trento kushuka chini, mchana unavuma upepo kutoka kusini, kule ziwani Garda wanauita Ora, na nyie mtakuwa mnaelekea kusini kwa hiyo utawapiga usoni. Tambarare yenye upepo wa uso ni mlima usiokwisha, wifi ataona ni tambarare atashangaa mbona miguu mizito na atakulaumu wewe. Dawa yake ni kuondoka mapema, saa mbili asubuhi muwe njiani, saa saba mko mjini mmeshaoga. Bolzano kwenda Trento ni kama kilomita 65, Trento Rovereto 25 na kitu, hakuna haja ya kukimbizana. Upande wa Trentino, yaani eneo la Trento, kuna vibanda vya mapumziko vya waendesha baiskeli vinaitwa Bicigrill, choo, kahawa, kivuli, vingine wana pampu na vifaa.

La pili saa za kula. Huku jiko la mkahawa linafungwa saa nane na nusu mchana au saa tisa, halafu haliwashwi tena mpaka saa moja na nusu usiku. Maduka ya miji midogo pia yanafunga mchana. Nimeona wageni wanafika saa kumi wana njaa kali hakuna kitu ila chipsi za pakiti, na ndoa nyingi zinayumba saa hiyo. Wekeni tende na matunda kwenye mkoba siku zote. Maji msinunue hovyo, mabomba ya mitaani yapo kila kijiji, ila likiandikwa non potabile msinywe.

La nguo. Wifi asihangaike kabisa, huku wanawake wazima wanaendesha na sketi na viatu vya mtaani, Ferrara na Mantova utaona bibi wa miaka sabini na kikapu cha mboga mbele ananyonga taratibu. Dukani aombe baiskeli ya mjini ya kike, ile isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko cha cheni kizima, na aulize kama wana ule wavu wa gurudumu la nyuma, huo ndio unaookoa gauni maana spoki zinavuta kitambaa kuliko cheni. Mimi huvaa suruali pana na kanzu fupi ya magotini. Helmeti kwa mtu mzima si lazima kisheria lakini avae, ushungi wa jezi mwembamba bila pini na bila fundo nyuma, helmeti inakaa vizuri tu. Na akishapima dukani asikubali siti ya mashindano hata wamsifie vipi.

Sasa Garda. Kutoka Rovereto mnapita Mori mnapanda kidogo Passo San Giovanni, ni mlima lakini mdogo, halafu pale Nago ziwa linafunguka lote chini yenu, hapo Yakhe ndipo utapata picha yako uache kulilia Toscana. Ila barabara za kando ya ziwa msiendeshe, nyembamba, magari mengi, upande wa magharibi kuna mahandaki ambayo mengine baiskeli haziruhusiwi. Pandeni boti Riva, mji ulio kaskazini mwa ziwa, mshuke upande wa kusini, safari ni ya saa kadhaa na inapendeza, ila si kila boti inachukua baiskeli kwa hiyo ulizeni kabla ya kukata tiketi. Mkikosa rudini Rovereto, treni hadi Verona kisha Peschiera kusini mwa ziwa, kutoka Verona ni robo saa tu.

Peschiera hadi Mantova ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kilomita 43 hivi kando ya mto Mincio, mnapita Borghetto yenye vinu vya maji na daraja kubwa la Visconti la mwaka 1393, bata wanavuka njia, mwisho mnaingia Mantova mji wenyewe umezungukwa na maziwa pande tatu. Lalani Mantova usiku zaidi ya mmoja, mtazame jumba la akina Gonzaga waliotawala mji zamani, jioni mzunguke na baiskeli bila mizigo. Na mbebe dawa ya mbu. Sisemi utani, mbu wa bonde la Po hawana tofauti na wa nyumbani ila hawa hawana malaria.

Mtazamaji_Tu

Huyu dada amenimaliza, yaani "ndoa nyingi zinayumba saa hiyo" 😂 mimi hata baiskeli sina ila nimeandika saa za kula kwenye daftari.

BiTumu_Bologna

Nimeona suala la chakula halijajibiwa vizuri. Mwanangu Yakhe, aliyekwambia hata mkate yuko sahihi. Neno la kulishika ni strutto, ni mafuta ya nguruwe, na haliandikwi kwa herufi kubwa kama prosciutto, paja la nguruwe, ambayo utaiona mwenyewe. Mkate wa Ferrara ule wa kujisokota kama pembe nne una strutto. Piadina, ile chapati ya Romagna, mara nyingi ina strutto ingawa zipo za mafuta ya zeituni, gnocco fritto inakaangwa humo humo. Focaccia inategemea na mwokaji. Mkate wa Toscana ule usio na chumvi kawaida ni unga na maji na hamira tu, huo kuleni, haupendezi lakini ni salama.

Tambi sasa. Ragù, mchuzi wa nyama, usiufikirie ng'ombe peke yake, mara nyingi nguruwe amechanganywa. Tortellini za Bologna na Modena ndani yake ni mortadella, soseji ya nguruwe, na prosciutto. Huko Bolzano wana madonge ya mkate wanayaita canederli, ya kawaida yana speck ambayo ni nguruwe wa moshi, lakini yapo ya jibini na ya mchicha. Mantova ndiko mtakula vizuri, tortelli za maboga zinakuja na siagi na majani ya sage, tamu hivi zina mlozi ndani, mwambie mkeo azionje asipozipenda ale samaki wa ziwani na polenta, na polenta ni ugali tu wenye jina la Kizungu. Risotto ulizeni mvinyo maana wengi wanamwagia mwanzoni wakati wa kukaanga mchele, na ile risotto ya Mantova inayoitwa alla pilota ina soseji ya nguruwe. Tiramisù ulizeni pia, wengine wanatia mvinyo wa marsala au ramu.

Mkifika mahali hamuelewani kabisa, pizza marinara, nyanya na kitunguu saumu na oregano, haina hata jibini. Kuhusu jibini la Parmigiano linagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kuna wanaokula na wanaoacha, hilo mtaamua wenyewe mimi simo. Nyama halali Trento, Verona, Mantova mtapata karibu na stesheni, maduka ya Waturuki na Wapakistani, tazama kibao macelleria islamica.

Semeni tu senza maiale, senza strutto, senza vino, mkishasema Waitaliano wanaelewa, ila semeni kabla hajaandika oda. Na kwenye bili mkikuta coperto msigombane na mtu, ni hela ya meza, ndivyo kulivyo. Kahawa mkinywa mmesimama kaunta ni nafuu, mkikaa hasa kwenye uwanja mkuu wa mji bei inapanda.

Yakhe_wa_Isar

Wallahi sikutegemea majibu haya, shukran sana nyote, Bi Tumu shikamoo. Nimemsomea mke wangu ile ya miji ya Toscana kukaa juu akacheka sana akasema "umesikia?" Basi Toscana imeanguka, Kipanga nisamehe ndugu yangu, Lucca nimeiandika pembeni nitaenda siku nyingine kwa treni.

Yaliyobaki: tiketi ya baiskeli kwenye hizo treni za mkoa inakuwaje, na makaratasi. Sisi tuna vibali vya kuishi Ujerumani, pasi zetu ni za nyumbani. Na je, baiskeli zetu wenyewe au tukodi? Ya mke wangu nzito lakini anaipenda.

Spoki36

Kama anaipenda mje nayo. Mtu aliyezoea siti yake usimbadilishie. Mngekuwa mnaenda milimani ningesema ya umeme, lakini kwa njia hii betri ni mzigo tu, baiskeli ya umeme inafika kilo 25 na stesheni ndogo za Italia nyingi hazina lifti, ni ngazi kushuka chini ya reli na ngazi kupanda upande wa pili, na nani atazibeba zote mbili? Wewe. Tena behewa za zamani zina ngazi zake na mlango mwembamba.

Tiketi ni rahisi. Kwenye treni za mkoa tafuta alama ya baiskeli kwenye ratiba, unalipia tiketi yako na nyongeza ya baiskeli, Trenitalia, shirika la reli, wamekuwa wakitoza euro 3.50, mikoa mingine ina utaratibu wake. Tiketi ya karatasi kumbuka kuigonga kwenye mashine kabla ya kupanda. Zile treni za kasi, Frecciarossa na wenzake, baiskeli nzima haiingii, lazima uifungue uitie kwenye mfuko, kwa hiyo msihangaike nazo. Ukiona treni imeshajaa baiskeli usilazimishe, subiri inayofuata, kondakta ana haki ya kukukatalia.

Makaratasi, pasi na kadi ya kibali zote mbili, za asili si picha kwenye simu. Hoteli kisheria lazima waandikishe kila mgeni kwa polisi kwa hiyo wataomba, na miji mingi ina kodi ya kulala, hela ndogo kwa kichwa kwa usiku, wengine wanataka taslimu. Kurudi ndiyo muwe makini zaidi, Ujerumani wanakagua watu mpaka wa Austria tangu 2015 na sura zetu zinakaguliwa kuliko za wengine, hilo nadhani mnalijua. Makaratasi muwe nayo mfukoni si ndani ya mikoba iliyofungwa kwenye keria behewa la pili.

Vifaa: tyubu mbili za kila saizi (usiamini kwamba gurudumu lako na la mkeo ni sawa, pima), solusheni na viraka, vile vijiti vya kutolea tairi, spana za pembe sita, pampu inayokubali vali zote mbili ile nyembamba na ile ya gari. Pedi za breki mpya kabla ya kuondoka kwa sababu ya ule mteremko wa Merano. Taa mbele na nyuma na kengele, na kizibao cha kuakisi mwanga, nje ya mji usiku na kwenye mahandaki ni lazima kisheria. Mkiona alama ya njia moja chini yake imeandikwa eccetto bici maana yake baiskeli mnaweza kupita kinyume, msiogope.

Kipanga_Ngong

Sawa nimekubali kushindwa lakini 2 kwa 1 si haki. Yakhe ukifika Mantova ukaona imekuwa tambarare sana mpaka umelala kwa baiskeli, usiseme sikukwambia.

Bint_Unguja

Assalaam aleikum, mimi ndiye huyo mke. Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu tu maana naona najadiliwa kama mzigo wa keria.

Kwanza sikusema milima sipandi, nilisema sipandi mlima kwa sababu ya picha. Mlima wenye kitu juu yake naupanda, huo wa Nago nimeupitisha kwa sababu dada kasema ni mdogo. Kipanga usijali, kama ni kulala kwenye baiskeli atalala huyu, mimi nitakuwa mbele.

Dada wa Verona nina swali moja. Njia yote hii ni mto na ziwa, mimi mtoto wa Unguja, likizo bila bahari naona haijafika. Kutoka Mantova tunaweza kumalizia pwani? Wanasema Venezia lakini hapo na baiskeli sijui. Na samaki wa bahari nitampata wapi, hao wa ziwani nitawala kwa heshima ya Bi Tumu.

Dada_wa_Verona

Hahaha karibu wifi, hapo sasa tunaongea. Venezia na baiskeli msiende, mji wa kale hairuhusiwi kuendesha wala hata kuisukuma, mtaiacha ng'ambo ya daraja, na kisiwa cha Lido ndiko wanakoruhusu.

Nendeni Ferrara. Kutoka Mantova ni mbali kwa siku moja, karibu kilomita mia kwa njia za kando ya Po, kwa hiyo mnaweza kukata siku mbili au mkapanda katreni mnabadilisha Suzzara, ila kagueni ratiba maana reli ile matengenezo hayaishi. Ferrara yenyewe ni mji wa baiskeli kweli kweli, ukuta wake mnauzunguka kilomita tisa chini ya miti, katikati kuna ngome ya akina Este, watawala wa zamani, yenye handaki la maji pande zote. Baada ya hapo kuna njia mbili. Moja inafuata tuta la mto Po upande wa kulia mpaka Gorino baharini, ni nzuri lakini ndefu na haina kivuli, mchana jua linawachoma kichwani. Nyingine ni kwenda Comacchio, kilomita 55 hivi, na huo ndio ninaokupa wewe. Mji mdogo wa mifereji na madaraja, nje yake ni mabwawa ya maji ya chumvi yenye heroe wengi wamesimama kwa mguu mmoja, na wavuvi wana vibanda vyao na nyavu kubwa za kushusha kwa kamba. Kinacholiwa pale ni mkunga wa kuchoma, wanamchoma na mafuta yake mwenyewe kwenye makaa, na kaa na kome na ngisi. Ukitoka Comacchio bahari ya Adriatiki iko mwendo mfupi tu, Porto Garibaldi, mchanga upo, maji ya mwezi wa tisa bado yana joto.

Usitegemee rangi ya maji ya Nungwi lakini.

Bint_Unguja

Mkunga wa makaa basi yatosha, rangi ya maji nitafumba macho. Yakhe kabuku treni.

Yakhe_wa_Isar

Nafasi za baiskeli Jumamosi zimeshaisha. Nimepata Jumapili asubuhi, mbili, kwa hiyo tunaanza hivyo.